Nyumba Imekwenda na Mvua: Udai Nini, Umdai Nani

Tuanze na lile ambalo hakuna atakayekuambia siku ya msiba. Mvua ikibeba nyumba yako pale Kadutu, Bukavu, au tetemeko likiipasua katikati, usitegemee sheria ya kuilazimisha serikali ikulipe bei ya nyumba. Utakachopata, kama utapata, ni msaada: turubai, sufuria, unga, blanketi, mara nyingine pesa kidogo kwenye simu. Msaada hutoka kwa huruma ya anayetoa, na kwa kiasi alichonacho. Fidia ni habari nyingine: pale kuna mtu mwenye deni, na wewe una haki ya kumshika. Kazi yako ya kwanza ni kujua uko upande upi. Wapo wanaopoteza miezi wakisubiri fidia pasipo na mdaiwa, na wapo wanaoshukuru kwa turubai hali mwenye kosa anaishi mita ishirini juu yao.

Wakazi wa Bukavu hawahitaji kuhadithiwa majanga. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la kipimo cha 5.9, liliua huku na kuua zaidi ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Lingine likaja Agosti 2015. Mei 2023 ilikuwa zamu ya Kalehe: maji na mawe yalishuka Bushushu na Nyamukubi, Nyamukubi ikiwa siku ya soko, wakafa watu zaidi ya 400, na maelfu wengine wakaandikwa kuwa hawajulikani walipo. Desemba ya mwaka huohuo mvua ikaua watu zaidi ya 10 katika komini ya Ibanda. Na pale Funu mlima wenyewe unatembea polepole, ukiwa umebeba nyumba, shule, makanisa na makumi ya maelfu ya watu mgongoni.

Kabla ya kuendelea, tuondoe uvumi mmoja. FONAREV, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya tarehe 26 Desemba 2022, ni wa waliodhulumiwa kingono katika vita na wa waathirika wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. FRIVAO nayo inahusu pesa za Uganda, zile dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru zilipwe mnamo Februari 2022 kwa ajili ya vita. Hakuna hata mmoja kati ya mifuko hiyo miwili unaolipa mafuriko au maporomoko. Akija mtu kwenye avenyi yenu na fomu za "FONAREV ya mafuriko" akiomba dola mbili za kujiandikisha, mwulizeni jina lake kamili, mpigeni picha, kisha mfukuzeni.

Siku za kwanza

Watu wakishatolewa chini ya udongo na majeruhi wakishafika hospitali, piga picha kabla hujaanza kufukua sufuria. Moja ya mbali, ionyeshe kanisa, nguzo ya umeme au nyumba ya jirani, ili asitokee wa kusema hapo ni mahali pengine. Moja ya karibu, ya ufa au ya ukuta ulioanguka. Moja wewe ukiwa umesimama pale. Zitume kwa WhatsApp kwa watu wawili, na mmoja wao awe nje ya mji. Simu inaweza kuibwa kesho, lakini ujumbe utabaki kwake na tarehe yake.

Kisha andika ulichopoteza, siku hiyohiyo. Usingoje karatasi ya ofisi; daftari la mtoto linatosha. Andiko zuri linafanana na hili:

"Mimi ni mpangaji katika parseli ya Mama Fulani, kartiye hii, avenyi hii, nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Usiku wa Jumanne, saa nane, ukuta wa nyuma ulianguka. Tulikuwa tumelala watu sita: wakubwa wawili, watoto watatu na mama mkwe mwenye ugonjwa wa sukari. Tumepoteza cherehani moja niliyokuwa nikishonea watu, magodoro mawili, gunia la makala, nguo, vitabu vya shule na kadi ya uchaguzi ya mume wangu. Choo kimebaki. Jiko halipo."

Chini yake majina na sahihi za mashahidi wawili, mmoja asiwe ndugu yako. Tazama jinsi cherehani ilivyotajwa pamoja na kazi yake: kifaa cha kazi si kabati, na mashirika mengine yana fungu la kumrudisha mtu kwenye kazi yake. Tazama pia lile neno kuhusu choo. Anayeandika kwamba kila kitu kimeisha hasadikiwi. Anayekiri kilichobaki husadikiwa hata kwa kile kilichopotea. Nimeona madai ya friji tatu kutoka nyumba isiyokuwa na umeme, na yaliwaponza majirani wote wa avenyi ile, maana mkaguzi alipoikuta moja ya uongo alizipunguza zote.

Peleka andiko hilo kwa shefu wa avenyi, kisha kwenye kartiye, na uombe cheti kinachothibitisha kwamba umepatwa na janga, chenye tarehe, sahihi na mhuri. Ukiona kuna kosa la mtu katika msiba wenyewe, mwite pia OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, aje kuandika alichokiona kwa macho.

Kuhusu mihuri, hali ya mji inajulikana. Waasi wa M23 walipoichukua Bukavu tarehe 16 Februari 2025, benki zilifungwa, ofisi nyingi zilibadili mikono, na serikali ya mkoa ilihamia Uvira. Karatasi iliyosainiwa na upande mmoja huenda upande mwingine usiitambue kesho. Dawa yake si kuacha kuandika. Ni kuhakikisha kwamba uzito wa karatasi yako hauko kwenye mhuri peke yake: uwe kwenye picha, kwenye mashahidi, kwenye daftari la parokia au la kanisa lako, na kwenye nakala ulizosambaza. Na usimwachie mtu yeyote karatasi ya asili, iwe ya parseli au ya ndoa. Toa kopi tu, hata akikuapia.

Orodha

Hapa ndipo haki inapopatikana au kupotea, na ndipo ningekuomba utumie nguvu zako nyingi. Orodha huanzia kwa mkuu wa nyumba kumi, hupanda kwa shefu wa avenyi, kartiye na komini, kisha hufika kwa wahusika wa misaada, Msalaba Mwekundu, Caritas na mashirika mengine. Kila meza inayopita inaweza kuongeza jina au kulifuta. Na orodha ya kwanza kuandikwa, hata ikiwa na makosa, ndiyo hunakiliwa na wote wanaofuata, kwa sababu hakuna mwenye muda wa kuanza upya. Asiyekuwemo siku ya pili atahangaika hadi mwezi wa sita.

Ugomvi mkubwa wa Bukavu ni wa mwenye nyumba na mpangaji. Chukua parseli moja yenye milango mitano. Akiandikwa mwenye parseli peke yake, familia tano zitagawana turubai moja. Wakiandikwa wapangaji peke yao, mama mjane aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vile vyumba hatapata hata msumari. Suluhisho ni dogo, na ajabu ni kwamba halifanyiki: orodha iwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya majengo, na humo kila jengo liandikwe mara moja kwa jina la mwenyewe, hata kama anaishi Kinshasa. Ya pili ni ya waliolala humo usiku ule, jiko kwa jiko, bila kujali nani anamiliki nini. Chakula, blanketi na pesa za dharura zifuate ya pili. Mabati na mbao, siku zikija, zifuate ya kwanza.

Katika ile ya pili kuna wanaosahauliwa kila mara. Wakimbizi wa vita waliohifadhiwa sebuleni kwa ndugu wao huhesabiwa kama wageni, hali nao wamepoteza kila walichokuwa nacho, mara ya pili au ya tatu. Mke wa pili na watoto wake huingizwa kwenye mstari wa mume. Mjane huandikwa kwa jina la shemeji. Watoto waliobaki peke yao, mkubwa wao akiwa na miaka 15, hawaandikwi kabisa kwa kuwa "hawana mkubwa". Ukiwa mmoja wa waandikaji, waulizie hao kwanza. Wenye sauti watakuja wenyewe.

Halafu lipo swali gumu: wote wapewe sawa, au kila mtu kwa hasara yake? Wenye nyumba za matofali husema kwamba kumpa aliyepoteza nyumba ya dola elfu ishirini sawa na aliyepoteza kibanda ni dhuluma. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa msaada. Pesa za msaada ni chache. Ukizigawa kwa thamani ya jengo, nyumba mbili za ghorofa zitameza fungu la avenyi nzima. Kwa siku za mwanzo gawanyeni kwa vichwa. Kwa kujenga upya angalieni hasara, lakini wekeni kikomo ambacho hakuna anayekivuka, na muwaanze wasio na pa kwenda. Hesabu ya thamani kamili iachwe kwa fidia, pale mwenye kosa anapolipa kutoka mfukoni mwake.

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Watanzania walichanga pesa, kisha Rais Magufuli akatangaza Bukoba kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba yake, na pesa zikaelekezwa kwenye shule na majengo ya umma. Wengi waliochanga hawakuwa wamelielewa hivyo, na wengi waliobomokewa hawakulielewa hivyo pia. Mkoani humohumo viongozi waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti ya pili ya benki yenye jina kama la ile ya maafa. Nairobi, mwaka 2024, familia zilizobomolewa nyumba kando ya mto kule Mathare ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja, sawa kwa wote: ni haraka, ni wazi, na hazitoshi. Kule Hanang, baada ya mlima kuporomoka Katesh mnamo Desemba 2023, waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100. Nyumba humfaa sana aliyekuwa na nyumba. Mpangaji aulize mapema atapewa nini. Jifunzeni hasa ya Bukoba: kabla ya kuchangisha hata franka moja, semeni kwa maandishi pesa ni za nini.

Orodha ikishakamilika, isomwe kwa sauti hadharani, jina kwa jina, majirani wote wakiwa wamesimama pale. Jina la hewa halivumilii kusomwa mbele ya watu kumi wanaojua nani alikuwa analala wapi. Baada ya hapo ibandikwe kwenye mlango wa kanisa au ofisi ya kartiye, na nakala ibaki kwa mtu mmoja asiye na cheo. Kuandikwa ni bure. Akidai mtu "ya karatasi", "ya usafiri" au matabishi, na zaidi ya hapo akimtaka dada yako "waonane jioni", hilo ni kosa la jinai. Mashirika makubwa huweka sanduku la malalamiko au namba ya simu ya bure kwenye bango la mahali pa ugawaji. Piga picha ya bango hilo siku ya kwanza, kabla hujahitaji namba.

Jirani wa juu

Sasa tuje kwenye fidia yenyewe. Haki ya wengi imelala hapa, na wachache hujua. Bukavu ukuta mara nyingi hauanguki kwa sababu ya Mungu. Jirani wa juu amechimba mteremko ili apate uwanja, udongo akaumwaga ukingoni, akajenga ukuta wa kuuzuia bila matundu ya kutolea maji, na maji ya bati lake akayaelekeza kwako. Mvua ikinyesha, ukuta unakuja nao. Halafu wote, na yeye akiwemo, wanasema ni janga la asili.

Kanuni ya Kiraia ya Kongo, Kitabu cha Tatu, kifungu cha 258, inasema kwamba aliyemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe, na cha 262 kinamtaja mwenye jengo linaloanguka kwa kukosa matengenezo au kwa kasoro ya ujenzi. Huhitaji kuthibitisha kwamba alitaka kukuumiza. Unahitaji kuonyesha kazi aliyoifanya, hasara uliyoipata, na kwamba ya kwanza ndiyo iliyoleta ya pili. Ndiyo maana ushahidi wa kabla ya mvua una thamani kuliko wa baadaye. Ukiona leo ufa kwenye ukuta wa jirani wa juu, au maji yake yanachimba msingi wako, mwandikie barua ya heshima: "Baba Fulani, shikamoo. Ukuta wenu umepasuka upande wetu, tunaomba muutazame kabla ya mvua." Mpelekee shefu wa avenyi nakala na uombe aisaini kuipokea. Barua hiyo inaweza kuokoa nyumba. Na kama haikuiokoa, jirani hatasema tena kwamba hakujua.

Msiba ukishatokea, usikimbilie mahakamani. Anzeni kwa wazee wa avenyi au kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia. Mapatano yaliyoandikwa, ya kujenga upya ukuta na kulipa kwa awamu, hufika nyumbani mapema kuliko hukumu. Yakishindikana, nenda kwa wakili. Barreau, chama cha mawakili, ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na cheti cha umaskini husaidia kwenye ada za mahakama. Na kama ni bomba la maji lililopasuka na kuvuja miezi juu ya mteremko, mwenye bomba anaweza kudaiwa kwa njia hiyohiyo. Mlioandika malalamiko mapema mtasikilizwa zaidi.

Funu inatufundisha jambo hapa. Watafiti walioufuatilia mlima ule kwa picha za miaka 70 hivi waliona kwamba mwendo wake uliongezeka kadiri mji ulivyojengwa juu yake, kwa maji ya mabomba na ya mitaro kuzama ardhini. Sehemu moja ya janga ni ya asili. Sehemu nyingine ina wenyewe, ingawa ni vigumu kumtaja mmoja.

Ukiambiwa uhame

Baada ya kila msiba hutoka tangazo kuhusu "ujenzi holela" na maeneo ya hatari. Usilipuuze, kwa sababu mara nyingi eneo ni la hatari kweli. Lakini uliza kwa maandishi: tunahamishwa kwa sababu ya usalama, au kwa sababu serikali inaitaka ardhi kwa kazi ya umma? Katika hali ya pili, kifungu cha 34 cha Katiba na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 vinataka fidia ya haki, tena ilipwe kabla hujaondoka. Katika hali ya kwanza huna nguvu hiyo, ila kama ofisi za serikali zenyewe ndizo zilizokupimia na kukuuzia parseli kwenye mteremko uliokatazwa, una la kusema mbele ya jaji. Tunza risiti zote, hata za fishi ya parseli ya zamani iliyofifia.

Ukipewa kiwanja kingine, kabla ya kusaini nenda ukakione mwenyewe, siku ya mvua ikiwezekana. Uliza maji yako wapi, shule iko wapi, soko liko umbali gani, na karatasi itaandikwa kwa jina la nani. Mama, sisitiza jina lako liwemo.

Waliokufa, na wasioonekana

Omba cheti cha kifo mapema, maana bila hicho mjane hatagusa akaunti wala pensheni, na watoto hawatarithi kwa amani. Kwa wale ambao miili yao haikupatikana, kama wengi wa Kalehe, familia huomba hukumu ya mahakama inayotangaza kifo, kwa ushahidi wa waliomwona marehemu mara ya mwisho. Kanuni ya Familia inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi. Baba mdogo anayekuja na orodha ya mali siku ya matanga anaweza kuambiwa hivyo, kwa adabu.

Pesa ikifika

Siku hizi hupita kwenye simu. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lililo kwenye kadi yako ya uchaguzi. Wengi hukwama kwa sababu laini ni ya mpwa aliyehama. Uliza kama ada ya kutoa pesa imo ndani ya kiasi au unakatwa wewe. Ukipewa dola mkononi, zikague mbele ya anayekupa, moja moja: iliyochanika kidogo haitapokelewa sokoni Kadutu, na hutamwona tena aliyekupa. Usisaini wala usiweke dole gumba kabla ya kuhesabu. Bima ya nyumba ipo kisheria, tena tangu sheria ya 2015 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake sokoni, lakini kwa nyumba ya mbao iliyo kwenye mteremko sitakudanganya kwamba utapata kampuni haraka. Wengi wetu bima yetu bado ni likelemba, mchango wa kupokezana.

Ukiachwa nje

Usiende kupiga kelele siku ya ugawaji. Askari wapo kwa ajili hiyo. Andika barua ya ukurasa mmoja: jina, mahali, tarehe ya msiba, majina ya majirani wawili waliomo kwenye orodha wanaoweza kukushuhudia, na ombi moja tu, kwamba ukaguzi ufanyike nyumbani kwako. Ambatisha picha na kopi ya cheti cha kartiye. Peleka nakala tatu: kwa shirika linalogawa, kwa komini, na moja ibaki kwako ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Mkiwa wengi mlioachwa, andikeni barua moja yenye sahihi zote, na muwape redio nakala. Redio huzisoma habari za namna hiyo. Barua ikikataliwa kupokelewa, geuza nakala yako, uandike nyuma yake jina la aliyeikataa, siku, saa, na majina ya waliokuwa mlangoni.